Kiti cha Magurudumu na Zulia la Mama

Jumamosi asubuhi. Mvua ilidondoka kidogo alfajiri, ikaona haya, ikaenda zake. Sasa jua linawaka na ua mzima unanukia pilau ya jana.

Viganja vinaniuma. Mbavu zinaniuma zaidi, kwa kucheka. Nimekalia kinu kilicholazwa, maana kila kiti cha nyumba hii kina mgeni aliyelala ameegemea. Nataka niandike kabla sijaitwa jikoni.

Jana tumemwoza Tatu.

Tatu ndiye mwanangu wa pekee. Wa kwanza na wa pili Mungu aliwachukua wangali wachanga, huyu akabaki. Mumewe, Salehe, ni mtu wa Saadani. Kijana mpole, ana adabu zake, sina neno naye. Neno langu lilikuwa jingine, nalo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mwezi mzima.

Kwetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao. Hujifungulia mikononi mwa mama yake, akakandwa, akalishwa uji wa pilipili manga, mpaka arobaini ipite. Lakini habari zilinifikia kwamba mama yake Salehe, Bi Mwanakombo, ameshatangaza mjukuu wake atazaliwa Saadani. "Kwani huku hakuna wakunga?" Wakunga wapo, sikatai. Ila masika yakikolea mto Wami unafurika, njia inakatika, na mimi ningekuwa upande huu wa Bagamoyo natazama mawingu huku mwanangu anaumwa uchungu upande wa pili. Mimi niliyezika wawili. Jamani!

Na kusema siwezi. Mimi ni mkwe. Nitamwambia nini Salehe, ambaye nikimwona njiani najitanda kanga usoni nikapita pembeni? Baba Tatu naye akisema, litageuka amri ya mwanamume kwa mwanamume, na harusi itaingia nongwa kabla wali haujaiva.

Aliyekuwa na ruhusa ni mmoja tu: bibi. Bibi ni mtani. Bwana harusi akitoka kufungishwa ndoa akaja kuingia chumbani kwa mkewe, bibi wa bibi harusi hukaa mlangoni akamzuia, mpaka apewe haki yake. Na atakachokitaka pale hakikataliwi, hata kiwe kizito vipi, maana kimesemwa kwa mzaha mbele ya watu. Mama yangu alikuwa ameshaniambia, huku anatafuna tambuu: "Wewe nyamaza. Nifikishe mlangoni tu."

Nifikishe mlangoni tu! Hapo ndipo penye kazi.

Miguu ya Mama ilimkataa mwaka juzi. Hasimami. Na kubebwa hataki, hata umtolee machozi. "Mtu hubebwa akizaliwa na akifa," husema. "Mimi nimeshazaliwa, na kufa bado." Basi akawa anashinda chumbani kwake, anatoa amri kwa sauti, na sisi tunakimbizana.

Ndipo Baba Tatu akaja na kiti.

Baba Tatu ni karani kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Mzungu wao aliletewa kiti kipya, kile cha zamani kikatupwa nyuma ya stoo. Mume wangu akakiomba, akakipakia kwenye lori la mkonge, akaja nacho Bagamoyo kama aliyeoa mke wa pili. Kiti cha mbao nzito, kina mikono, kinazunguka, na chini kina vigurudumu vya chuma. Mama alikitazama kwa jicho la upande. Akauliza kama kimeoshwa. Tukakiosha. Akauliza Mzungu mwenyewe alikuwa mnene au mwembamba. Mnene, Mama. "Basi kitanihimili."

Ee, tulijitafutia wenyewe. Sakafu yetu ni ya saruji, laini, na kiti kinaserereka juu yake kama mtoto kwenye tope. Mama akajifunza kujisukuma kwa mwiko mrefu wa kupikia ubwabwa. Tangu siku hiyo hakuna siri nyumba hii. Uko jikoni unaonja mchuzi, unasikia kwikwikwi nyuma yako, na sauti: "Nazi haijatosha." Gurudumu moja linalia. Baba Tatu alitaka kulipaka mafuta, nikamkataza. Tusingekuwa na onyo lolote.

Nakiri hapa, kwa sababu hapa hapana wa kunisikia: nilifurahi mpaka nikajificha chooni nikalia. Mama alikuwa amerudi kuwa Mama.

Sasa zulia.

Zulia ni la marehemu baba, alilileta kutoka Unguja siku za ujana wake. Zito, nene, ukilikanyaga vidole vinapotea. Halitandikwi ovyo. Hukaa limekunjwa juu ya dari, ndani yake karafuu, na hushushwa siku za maulidi na siku za harusi tu. Tangu kiti kije halikuwa limeshushwa. Juzi Alhamisi Mama akaamuru: "Lishusheni. Watu wa Saadani wakanyage zulia, wajue wamefika kwa watu."

Tukalitandika ukumbini. Upande mmoja likagusa kizingiti cha chumba cha Mama, upande wa pili likaacha kipande cha sakafu tupu mbele ya chumba cha Tatu. Nililitazama, nikavitazama vile vigurudumu.

"Mama, tujaribu kiti kwanza."

"Kimembeba Mzungu mnene, kitanishinda mimi?"

Baba Tatu akasema tunaweza kulaza mbao juu ya zulia, kiti kipite. Mama akamgeukia, kiti kikazunguka naye. "Mbao juu ya zulia? Huu ni ukumbi wa harusi au gati?" Mume wangu akakumbuka ghafla ana shughuli sokoni.

Nilikasirika. Niseme kweli, nililala na hasira. Nikawaza, mama huyu kwa ajili ya majivuno ya zulia ataniponza mwanangu.

Jana ikafika. Wanaume wakaenda msikitini kwa sala ya alasiri, ndoa ifungwe baada yake. Ukumbi ukajaa wanawake, udi unafuka, kila mtu ana kanga yake mpya inayonukia duka. Bi Mwanakombo na wenzake wa Saadani tukawaketisha katikati ya zulia, mahali pa heshima. Mwanamke ana mwili, ana sauti, ana kicheko cha kuamsha mtaa. Alilipapasa zulia kwa kiganja akasema, "Mashallah, hili si zulia, hili godoro." Mama, aliyekuwa kizingitini kwake amejipara wanja na asumini, akavimba kwa furaha.

Mara tukasikia kishindo cha watu njiani. Ndoa imefungwa! Bwana harusi anakuja!

Mama akakamata mwiko wake. Akausimika nyuma, akasukuma. Kiti kikapanda zulia. Kikalia kwi, moja tu. Kikazama.

Akasukuma tena. Kimya. Nikaja nyuma nikamsukuma mimi, shoga yangu akaja akanisaidia. Vile vigurudumu vikawa vinazidi kujichimbia kama kaa. Kiti hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Na watu wa Saadani wanatazama.

"Tumbebe," mtu akanong'ona.

"Atakayenigusa nitampiga mwiko," Mama akasema. Lakini niliona kidevu chake kinatetemeka. Hapo hasira zangu zote zikayeyuka, nikabaki na huruma na hofu tu, maana ngoma ilikuwa imeshafika kona ya nyumba.

Jambo jepesi lingekuwa kulikunja zulia. Nani alikunje? Wageni wamekaa juu yake! Kumkunjia mgeni mkeka aliokalia ni kumwambia nenda zako, na hao si wageni tu, ni wakwe. Afadhali ninyamaze mpaka kiama.

Bi Mwanakombo akainuka. Nikajua ameudhika, tumekwisha. Akamtazama Mama pale alipokwama, akalitazama zulia, akaufuata ukingo wake kwa macho mpaka kwenye chumba cha Tatu. Akajifunga kanga kiunoni.

"Nyie watu wa Bagamoyo," akasema, "kiti kikikataa kwenda juu ya zulia, si zulia liende na kiti? Kukunja hatukunji. Tunavuta! Inukeni!"

Astaghfirullah, ile vurugu! Wanawake wote wakainuka, wa kwetu na wa kwao, wakashika ukingo wa zulia ule wa mbele, na Bi Mwanakombo katikati yao kama nahodha. Mimi nikakamata mgongo wa kiti kisipinduke kwa mkono mmoja, na kwa mwingine zulia. "Harambee!" Na zulia likaondoka, jamani. Likateleza juu ya saruji, na Mama juu yake, ameketi wima, mwiko begani, asumini zinamdondoka. Wavutaji wakaingia kinyumenyume chumbani kwa Tatu wakivuta na kuangukiana. Tatu mwenyewe, aliyefunikwa kanga kitandani na kuambiwa asicheke siku hiyo, kanga ilikuwa inatikisika yote.

Kiti kikafika mlangoni barabara. Mama akasema, "Hapo." Tukaacha, akageuza kiti kutazama ukumbini, nami nikajipenyeza ndani nyuma yake.

Salehe akabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi Salehe, Bibi. Shikamoo."

"Unamwamkia mkeo shikamoo? Mnafundishwa hivyo Saadani?" Vicheko. "Mimi ndiye mke mkubwa. Huyo wa ndani ni mke mwenzangu, umri wake haujafika hata wa meno yangu."

Salehe akatoa kanga doti moja, nzuri, akaiweka mapajani mwake. Mama akaipokea, akaitazama pindo, akaikalia. Hakusogea.

Salehe akatabasamu, akashika mikono ya kiti akakisukuma kwa adabu. Akasukuma bila adabu. Masikini, jasho likamtoka kwenye kanzu mpya. Kile kiti kilichotutoa roho sasa kilikuwa kimeota mizizi kwenye zulia la baba, mlango umezibwa, hapiti hata paka.

"Sukuma, mume wangu. Au huko kwenu hamli wali?"

"Bibi, nimeshindwa. Sema unachotaka."

Nilikuwa nyuma ya kiti, kanga usoni, nimejificha kama impasavyo mkwe. Mama hakunitazama.

"Nataka mtoto wenu wa kwanza azaliwe nyumba hii. Mke mwenzangu aletwe huku kabla ya masika, miguu yake mikavu, akae na mama yake mpaka arobaini."

Salehe akageuka kumtafuta mama yake. Bi Mwanakombo alikuwa ndani, upande wa Mama, ukingo wa zulia bado mkononi. Akautazama ule ukingo. Akamtazama Mama. Nikaona habari inamfikia pole pole.

"Yallah," akasema. "Kumbe nimemvuta kwa mikono yangu mwenyewe!"

Tukangoja.

Akapasuka kicheko. Akacheka mpaka akakaa chini, akipiga zulia kwa kiganja. "Mchimba kisima huingia mwenyewe! Usinitazame, Salehe. Mpe bibi yako neno lake, wali unapoa."

"Ahadi, Bibi," Salehe akasema.

"Sisikii."

"Ahadi!"

"Wa jikoni hawajasikia."

"AHADI!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vimesikika mpaka Mapinga. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeinamia mgongo wa kiti nalia, na mkono wa Mama ukaja nyuma ukanitafuta, ukanishika kidole kimoja, ukakibana.

Ilibidi Salehe aruke juu ya zulia lililokunjamana na kujipenyeza kati ya kiti na mwimo, kanzu ikachanika kidogo mfukoni. Bi Mwanakombo akasema ataishona yeye. Mama akabaki pale pale mlangoni, akaletewa pilau yake, akageukia ndani, akala huku anawachungulia maharusi mpaka somo wa Tatu, yule kungwi aliyemfunda, alipokuja kumwomba angalau ageukie upande wa pili. Akazunguka. Kuzunguka kiti hakikukataa.

Leo asubuhi wageni walipotoka kwenda kuoga, Mama aliniita. Nilidhani atasema lile zulia lirudishwe mahali pake. Akalitazama, limejaa punje za wali na alama ndefu za magurudumu.

"Lifagieni, mlikunje, litiwe karafuu," akasema. "Lisitandikwe tena mpaka siku ya arobaini ya mtoto. Mimi nina safari zangu humu ndani."

Tumelikunja. Nilipolifunga kamba niliweka shavu langu juu yake kidogo, hakuna aliyeniona. Miezi ni mingi, na mimba yenyewe haijui kama tunaizungumza. Lakini nitashona nepi. Nitaanza leo hii, na mwenye kucheka acheke.

Kwikwikwi. Anakuja huku. Masufuria ya jana bado sijayagusa.