Mita ya Gari Kwenye Nafasi Yako

Xuzhou, tarehe 9 Novemba

Kwa Dada yangu mkubwa Xiuqin,

Salamu zikufikie huko Dongguan, wewe, shemeji na vijana. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika chupa ikiwa nzima. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, na watu wameanika kabichi kwenye ngazi za jengo kama kila mwaka, mpaka kupita ni kwa ubavu. Baba anakula vizuri. Mkono wa kushoto ungali mzito tangu kiharusi kimlaze mwezi wa nane, na maneno yanamtoka moja moja, lakini akili yake iko palepale. Mke wangu Miao Fang anakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Haya siwezi kuyasema kwa simu. Nikisikia unapumua upande wa pili nitaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Ulisikia kwamba tulinunua gari la umeme, maana kiwanda kimehamia nje ya mji na mafuta yalikuwa yanatumaliza. Kununua gari lilikuwa jambo jepesi. Kazi ilikuwa kulilisha. Nilikwenda ofisi ya umeme, na binti wa pale akanieleza mara tatu bila kukunja uso. Ndiye mtu pekee katika habari hii yote ambaye sikumwonea kinyaa. Alisema njia ni mbili. Ya kwanza, nivute waya kutoka mita ya nyumbani, na umeme wa gari uhesabiwe pamoja na wa jiko na kiyoyozi. Huko bei inapanda ngazi, kadiri unavyotumia zaidi ndivyo kila uniti inavyozidi kuwa ghali. Ya pili, nifungiwe mita ya pekee ya gari palepale linapolala. Mita hiyo ina bei mbili: mchana kali, na usiku watu wakilala karibu nusu yake. Sisi tunakaa ghorofa ya tisa na magari yanalala chini ya ardhi, kwa hiyo hata punda angechagua ya pili.

Akaniambia niende na karatasi mbili tu, ridhaa ya mwenye nafasi ya kuegesha na mhuri wa meneja wa majengo. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi, mjinga mimi.

Meneja wetu siku hizi anaitwa Tu. Humjui, na hujakosa kitu. Nilimkuta anakata kucha juu ya meza ya kazi, vipande vinarukia mafaili ya watu, na hakuacha hata nilipokaa. Akasema nyaya za jengo zimezeeka, akasema kuna hatari ya moto, akasema kila mtu akitaka mita yake yeye atalala saa ngapi. Siku tano alinizungusha. Ya sita nikaenda na katoni mbili za sigara, maana mkono mtupu haulambwi. Alizisukuma droani kwa kiwiko huku akinigombeza: "Ah, Kaka Geng, sisi si majirani? Mambo gani haya sasa?" Dada, nilitoka pale nikanawa mikono kwa sabuni.

Kabla mhuri haujakauka, akazuka Mama Pang wa ghorofa ya tatu na karatasi ya sahihi za kunipinga. Alikuwa anagonga mlango kwa mlango, anawaambia watu kwamba betri ya Geng ikilipuka wote wataiva kwa mvuke kama maandazi ndani ya kapu. Na Mama Pang huyohuyo betri ya pikipiki yake anaichajia jikoni, kando ya mtungi wa gesi, jambo lililokatazwa kwa tangazo kwenye kila lifti. Nyani haoni kundule. Nilipomkumbusha alinijibu hivi, tena bila aibu: "Yangu ni ndogo, na moto wake ni mdogo." Nikampelekea trei ya mayai na kumsifia mjukuu wake kwamba anaimba vizuri, mtoto anayelia kama bawaba. Karatasi ikapotea. Nilijichukia kidogo siku ile. Sikujua kwamba hicho ni kionjo tu.

Ikabaki ridhaa ya mwenye nafasi. Hapa unajua vizuri kuliko mimi, ila nataka niliandike mwenyewe kwa mkono wangu. Walipobomoa nyumba zetu za zamani, aliyepewa nyumba mpya ndiye peke yake aliyeruhusiwa kununua nafasi ya gari, ndiyo maana pakaandikwa jina la Baba. Lakini nafasi ilinunuliwa kwa cherehani yako, kwa miaka kumi na mmoja ya mgongo wako. Baba alitamka mezani usiku wa Mwaka Mpya, wote tukiwepo, kwamba hiyo ni ya Xiuqin siku atakayorudi nyumbani. Mimi ndiye niliyemimina pombe ya kulithibitisha neno hilo.

Nilipomwomba Baba niweke mita pale, hakusita. Alisema, neno kwa neno, kwamba niweke, kwamba nitumie mpaka utakaporudi, na kwamba ukija utaikuta tayari. Basi ridhaa ilikuwepo. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Nikaenda kwa Tu kuchukua fomu ya ridhaa, naye akanitazama kama anamtazama mtoto aliyejikojolea. Aliniuliza kama nina akili kweli, kufunga mita ya jina langu kwenye nafasi ya mzee. "Siku ya mzee ikifika, dada yako akasema ng'oa, si utang'oa?" Akatoa fomu nyingine, ya kubadilisha jina la mwenye nafasi. Akasema mzee hana haja ya kuja ofisini, dole gumba lake linatosha, yeye Tu atashuhudia akiwa amekaa hapohapo kwenye kiti chake.

Nilimsimulia Miao Fang. Alisema niirudishe fomu ile siku hiyohiyo na nisimletee uchafu ndani ya nyumba. Nikamwambia nimeirudisha. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu.

Dada, sasa nakuambia. Alhamisi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Miao Fang akiwa sokoni, Baba alikuwa anasinzia kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nilifungua kikopo cha wino mwekundu. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikalichovya dole gumba, nikaligandamiza kwenye fomu. Niliharakisha, alama ikatoka doa tu. Nilipoinua macho nikaona ananitazama. Akauliza, "Ya mita?" Nikasema ndiyo, Baba, ya mita. Akasema, "Haijaonekana." Akachovya tena mwenyewe, akaligandamiza kwa nguvu zake zote mpaka meza ikasogea, kisha akaninyooshea kidole nimfute. Nikamfuta.

Nafasi yako sasa ina jina langu. Nimemsema Tu na kucha zake, nimemsema Mama Pang na mtungi wake, na wote hao hakuna aliyemfanyia baba yake nilichokifanya mimi. Gari linachaji vizuri kwa bei ya usiku, na kila asubuhi nikishachomoa waya nanawa mikono kwa sabuni.

Jumatatu nilikwenda kuomba jina lirudishwe. Tu alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema inawezekana, ila inahitaji dole la mzee tena. Baba ataniuliza ni ya nini. Mara mbili nimekaa mbele yake na kikopo mkononi nimweleze, mara mbili nimemwuliza kama anataka chai. Ndiyo maana nakuandikia. Njoo, Dada. Nitukane mlangoni, nitukane mbele ya majirani, lakini ukae karibu nami nikimwambia. Miao Fang pia hajui. Naye nitamwambia siku hiyohiyo.

Nisalimie shemeji, na vijana uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Usisahau kuuchua mgongo kabla ya kulala. Baba ameniona naandika na akajua ni kwako, anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba alisimama na fundi mpaka mwisho, akamfanya aifunge mita juu kwenye nguzo, isije ikagonga mlango wa gari lako.

Mimi mdogo wako,
Geng Changlin