Karavani ya Miwani na Maji ya Siku ya Upasuaji

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepanda paani saa moja asubuhi, mara jua lilipotoka. Nimefagia majani ya mparachichi. Silikoni ya zamani kuzunguka dirisha la paani imepasuka sehemu tatu. Nimeikwangua kwa kisu, nimefuta kwa spiriti, nimepaka mpya. Fundi wa dukani alisema ikae siku nzima bila kuguswa na maji. Haikunyesha. Bahati.

Kazi hii alikuwa akiifanya marehemu mume wangu, Projest. Yeye ndiye aliyeinunua karavani hii kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Alitoa jiko, akaweka kiti changu cha kupimia macho na ubao wa herufi. Miaka tisa naivuta kwa pikapu kutoka hapa Bakoba, Bukoba mjini, hadi vijiji vya Muleba. Paa sikuwahi kuligusa hadi leo. Magoti yanauma.

Mama alianguka jana kibanjani, shamba lake la migomba, kwenye tope, akienda kukata ndizi. Nyonga imevunjika. Yuko hospitalini Rubya. Nitaondoka Ijumaa, na sijui nitarudi lini.

Jumatano, 6 Novemba

Maji ya bomba yamekatika mtaa mzima tangu alfajiri. Nimefungua bomba la uani, halitoi hata tone.

Nimemwaga tangi la karavani. Nimefungua koki zote mbili za ndani ili mabomba yakauke. Maji yakilala humo yanaoza, na viungio vya plastiki vinaachia. Nimeziba tundu la sinki kwa kitambaa, mende wasipande. Projest alifanya hivyo kila tuliposafiri.

Nimeinua pua ya karavani kwa jeki na matofali, maji ya mvua yateremkie nyuma.

Alhamisi, 7 Novemba

Ndani. Godoro nimelisimamisha. Makabati wazi, hewa ipite. Beseni la mkaa katikati ya sakafu, la kunyonya unyevu.

Miwani ya watu wa Kimwani, huko Muleba, imefika kutoka Mwanza: thelathini na nane, kila moja ndani ya bahasha yenye jina la mwenyewe. Niliwaahidi tarehe 23. Kabati la juu liko karibu na dirisha la paani na siliamini. Nimehamishia kila kitu kwenye droo ya chini kabisa, nyuma. Miwani, na kadi za vipimo vya macho pia.

Turubai sikufunika. Likifungwa kote, jasho linabaki ndani na mbao zinavimba.

Ijumaa, 8 Novemba

Ufunguo nimemwachia Bi Salma, jirani. Nimemwomba aingie kila baada ya mvua kubwa na kupapasa pembe za paa kwa mkono. Macho hayatoshi, nimemwambia, unyevu huanza kabla ya doa. Alisikiliza vizuri. Ana umri wa mama zangu wadogo na ana presha. Nimeona aibu kidogo kumpa kazi, lakini nimempa.

Nimefika Rubya saa tisa. Mama amekonda kwa siku tano. Aliponiona aliuliza kama nimekula.

Jumapili, 10 Novemba

Imenyesha jana na leo. Mara zote mbili nimempigia Bi Salma. Mara zote mbili amesema pakavu. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Madaktari wamesema upasuaji ni Jumanne. Wifi yangu, mke wa kaka, analeta chakula mchana. Mimi namwosha Mama na kumgeuza. Tunaongea machache. Nikimgeuza anashika kitambaa changu cha kichwa na kukivuta. Anaona haya kupiga kelele mbele ya wagonjwa wengine.

Jumanne, 12 Novemba

Wamemwingiza Mama saa tatu. Hadi saa sita hakuna habari. Nimekaa kwenye benchi na wifi. Yeye anasali rozari. Mimi nimehesabu vigae vya ukuta.

Saa sita na nusu nimempigia Bi Salma. Hapakuwa na sababu, jana usiku haikunyesha. Nilitaka kusikia sauti ya mtu asiyekuwa kwenye benchi lile.

Alianza kwa kuuliza kama Mama ametoka. Nikamwambia bado. Nikamuuliza kuhusu karavani. Akasema maji yameingia ndani, ila ameshayatoa yote, nisihangaike. Akasema kosa ni lake. Presha ilimlaza, hakuingia tangu Jumapili.

Nikauliza pembe ipi inavuja.

"Utaona ukija," akasema. "Sasa hivi mshughulikie mama yako."

Mama katoka saa nane. Yuko hai. Wameweka chuma.

Jumatano, 13 Novemba

Mama ana homa kidogo. Wanasema ni kawaida.

Nimekasirikia silikoni. Nimemkasirikia fundi wa dukani. Nimemkasirikia na Bi Salma, niseme ukweli. Siku mbili nzima hakupita. Ana miguu, mlango ni hatua ishirini. Nimemkasirikia na Projest, kwa kufa kabla ya kunifundisha paa.

Mchana nilimlisha Mama uji nikiwaza dirisha la paani. Ukamwagikia shingo yake. Akajipangusa mwenyewe kwa shuka.

Alhamisi, 14 Novemba

Wifi amesimulia kwamba binti yake wa Bukoba amefurahi, maji ya bomba yamerudi tangu Jumanne alfajiri.

Nilikuwa nakunja shuka. Nikakaa.

Mpira. Mpira wa maji unaotoka bomba la uani kuingia kwenye karavani sikuuchomoa. Bomba la uani niliacha wazi. Koki za ndani niliacha wazi. Sinki nililiziba kwa mkono wangu. Maji yaliporudi yalipita moja kwa moja, sinki likajaa, likamwagika, yakateremka nyuma kwa sababu niliinua pua. Nyuma kwenye droo ya chini.

Paa halikuvuja. Kosa ni langu, mwanzo hadi mwisho.

Sikumpigia Bi Salma. Nilishika simu mara tatu.

Jumapili, 17 Novemba

Homa imeisha. Mama amekaa kitandani bila kushikwa. Wifi atabaki naye wiki hii. Nimerudi Bakoba baada ya misa.

Sakafu ya nyuma imevimba kama mkate. Plaiwudi ya droo imeachana. Harufu ya mbao mbichi. Bi Salma alifungua madirisha yote, akakausha kwa matambara, akaanika zulia. Miwani yote ameitandaza kwenye meza yake ya kulia, juu ya kanga mbili, vioo vikitazama juu. Hakuna hata moja iliyokwaruzika.

Mpira umeviringishwa vizuri, umetundikwa kwenye msumari ukutani.

Nimeuona. Yeye ameniona nikiuona. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema ndiyo. Tukazungumza habari za Mama.

Jumatatu, 18 Novemba

Bahasha ni uji wa karatasi. Majina yamekuwa wino wa bluu tu. Kadi za vipimo vilevile. Nina miwani thelathini na nane na sijui ya nani ni ipi. Vioo naweza kuvipima upya, kila miwani nitajua nguvu yake. Macho ya wenyewe yako Kimwani.

Jioni majirani wawili wamekuja kunipa pole. Bi Salma aliwaambia mbele yangu kwamba yeye ndiye aliyezembea, alipewa ufunguo akalala. Mmoja wao akacheka, akasema wazee tusiwape kazi. Bi Salma akacheka naye.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nilinyamaza. Nimeandika ili nisijidanganye baadaye.

Jumatano, 20 Novemba

Jana fundi seremala ameng'oa mbao za sakafu. Leo nimevuka uani kwa Bi Salma. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilitaka kuanza na salamu, nikashindwa.

"Bi Salma, mpira ule niliuacha mimi. Na koki nilifungua mimi. Hukuzembea."

Hakuinua macho. "Najua, mwanangu. Mpira niliuchomoa mwenyewe. Bomba nilifunga mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipigia mama yako akiwa chini ya kisu. Ningekwambia ni kosa lako siku ile?"

Nikamwambia siku ile imepita. Juzi alikuwa anachekwa na mimi nimekaa pale pale. Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. Akasema juzi ndipo alipoumia, siyo kabla. Alidhani nitasema. Alisubiri hadi nilipomaliza chai.

Nikaomba radhi. Akasema ameisikia. Hakusema imeisha.

Nikachukua ungo wa pili nikachambua naye. Nilipotoka kwake nimepita kwa wale majirani wawili, nyumba kwa nyumba. Nimewaeleza. Yule aliyecheka alitazama pembeni. Ilichukua dakika kumi. Nilikuwa nimeiogopa siku sita.

Jumamosi, 23 Novemba

Kimwani. Bi Salma amekuja nami. Sikumwomba. Asubuhi nimemkuta ameshakaa kwenye pikapu, amejifunga mtandio, amebeba chupa ya chai.

Karavani haina sakafu nyuma, nimepimia mbele tu. Nimewaeleza watu wote kwa pamoja, kwenye kibaraza cha shule: maji yaliingia kwa uzembe wangu, majina yamefutika, nitampima kila mtu upya. Nilitegemea manung'uniko. Yalikuwepo. Mzee mmoja alisema ametembea tangu alfajiri kufuata miwani, siyo kufuata maelezo. Ana haki.

Bi Salma aliita watu mmoja mmoja na kuwapanga. Kihaya chake ni cha sokoni, kina mama walimsahihisha na kucheka, foleni ikatulia. Nilipima macho, nikatazama orodha ya nguvu za vioo, nikachukua miwani, nikavisha. Wengi walipata mara ya kwanza. Wawili wenye vipimo vinavyofanana waligombea fremu ya kahawia, kila mmoja anaapa aliichagua. Nikawaachia. Wakaelewana wenyewe.

Yule mzee alikuwa wa mwisho. Nilimvisha, akatoka mlangoni, akasimama. Alitazama migomba ya ng'ambo kwa muda mrefu. Kisha akarudi akashika mkono wa Bi Salma, akidhani daktari ni yeye, akasema, "Kasinge, waitu." Asante. Bi Salma alinitazama. Nikatikisa kichwa asimsahihishe.

Miwani thelathini na saba imepata wenyewe. Moja imebaki. Mwanamke aliyeiagiza alifariki mwezi uliopita. Mwanawe alikuja kutuambia, akaomba aichukue hivyo hivyo. Nimempa.

Njiani Bi Salma amelala, kichwa kwenye kioo.

Jumapili, 1 Desemba

Rubya, nyumbani kwa Mama. Ametoka hospitalini Alhamisi.

Leo ametembea kwa magongo kutoka kitandani hadi jikoni. Amepumzika mara mbili. Nilikuwa nyuma yake, mikono tayari, sikumgusa. Wifi alimwekea kiti cha chini na mto.

Mvua imeanza saa nane, ya taratibu, bila upepo. Mama ameomba kisu. Tumemenya ndizi za jioni. Amesema maganda yangu ni manene, natupa nusu ya chakula. Nimetoa maganda membamba zaidi. Tumeendelea hadi sufuria ikajaa.