Mshipa Ulionyamaza

Rongai, 3 Februari 2025

Mpendwa Cheptanui,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, mvua bado, na mama yako anauliza kama baridi ya huko imepungua.

Mshipa mliouotesha katika maabara yenu una wiki tatu mkononi mwangu. Ukiugusa unatetemeka kama mzinga wa nyuki. Muuguzi wa huko Nakuru, anayeuunganisha na mashine ya kusafisha damu, ananiambia, "Mwalimu, mshipa ukinyamaza, kimbia hospitali!"

Wazee wa kanisa waliuliza umetengenezwaje. Nikawaambia ni kama ua wa kayaba, ile miti ya miiba inayozungushiwa boma. Fito ni nyuzi zenu za nanofaiba, nyembamba kuliko utando wa buibui. Miche ni seli shina mlizotoa kwenye mafuta ya tumbo langu. Miche ikishikana, mchwa, yaani mwili wenyewe, hula fito, na ua hubaki umesimama. Gedion, mmoja wao, akadakia, "Na mchwa wakimaliza fito kabla miche haijashika?" Walicheka. Mimi sikucheka sana.

Baba yako

10 Februari 2025

Baba,

Habari za nyumbani? Huku baridi haijapungua, mwambie Mama.

Swali la Gedion ndilo linaloninyima usingizi, maana nyuzi zako nilizifuma mimi. Usibebe mzigo kwa mkono huo. Usivae saa, usiufunge kitu chochote. Uguse kila asubuhi, uniandikie.

Binti yako

2 Machi 2025

Baba,

Natumaini uko salama. Wiki tatu hujanijibu. Kumbe mshipa umeziba na umewekewa mpira wa kusafishia damu shingoni. Nimeambiwa na daktari wako, si wewe.

Mkubwa wangu kazini anasema nyuzi zangu zimeoza mapema. Utafiti umesimamishwa. Wagonjwa wanne waliokuwa wakingoja wamerudishwa nyumbani, na mmoja hana mshipa mwingine wa kutumia. Siku ile ya kufuma nilikuwa nimechoka. Baba, ni mimi?

Binti yako

Rongai, 4 Machi 2025

Cheptanui mwanangu,

Nakusalimu kwa mkono unaoandika; ule wa mshipa uko kimya.

Tarehe kumi na tisa Februari nilimpeleka ng'ombe kwenye josho. Alipovuta, nilizungusha kamba kwenye mkono wa mshipa, kama nilivyofanya tangu utotoni. Sikuwaza kabisa. Lori likapiga honi, akatimka, akaniburuta hadi mtaroni. Wakati wa chai ya jioni niliugusa mshipa. Kimya.

Sikukimbia. Nilikaa siku mbili nikiugusa. Miaka arobaini nimewaambia wanafunzi wafuate maagizo! Daktari alipouliza kilichotokea, nilisema sijui.

Huyo asiye na mshipa mwingine ni Jepkemei wa Salgaa. Kiti chake kwenye mashine za Nakuru kiko karibu na changu. Juzi aliniuliza, "Mwalimu, na sisi tutawekewa lini?" Nikageukia ukuta.

Kesho naenda kumwambia daktari. Naogopa wataniondoa kwenye utafiti, na mpira huu wa shingoni si wa kukaa nao. Kamba nimeitia mfukoni pamoja na kadi ya kliniki, waione. Fito zako hazikuoza. Nilizivunja mimi.

Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu; mwonyeshe mkubwa wako leo, kabla hofu haijanirudisha nyumbani.

Baba yako