Nywele Kwenye Kitana Changu

Baba Ineza,

Nimekwenda sokoni Kasulo, ~~sirudi~~ nitarudi jioni. Asubuhi nimekuta nywele ndefu za kahawia kwenye kitana changu, na mimi nimenyoa. Nilishafunga mzigo wa kwenda kwa mama kule Ntobeye, ndipo nikasikia mtoto wa mbwa analia stoo. Kumbe ni yule Yorkshire, kijibwa cha manywele marefu, uliyesema bado unafikiria kumnunua.

Ungeuliza kabla ya kumleta, ungejua mbwa wa kimo hiki mwewe anambeba kama kifaranga. Nimemfunika kwa tenga, usimtoe nje. Mchuzi wenye vitunguu usimpe. Mwite bwana mifugo amchanje.

Ila huo utepe mwekundu kichwani, nani amemfunga? Wewe hata tai ya kanisani nakufungia mimi.

Mama Ineza