Waliokuwa Jikoni Wakati wa Kura

Jumapili jioni

Miguu inaniuma, lakini si miguu inayoniudhi.

Miaka miwili sisi kina mama wa ploti hii, jengo letu la kupanga hapa Kware, tumepanda na kushuka ngazi na karatasi ya sahihi, tukidai kila mtu mzima apige kura kwenye mkutano wa wapangaji. Zamani ilikuwa nyumba moja kura moja, na kura ni ya baba. Leo ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza. Tulimsimamisha Mama Mwende awe mwenyekiti, kwa sababu ya maji. Sisi ndio tunaobeba mitungi hadi ghorofa ya sita.

Na chai ya mkutano alipika nani? Sisi. Tuliamka tu, tukawasha jiko, tukakanda mandazi kama kawaida.

Nilikuwa kwenye ngazi, birika mkono huu, vikombe mkono ule, niliposikia katibu akisema, "Wanaomtaka Mama Mwende, mikono juu!"

Nikapaza sauti, "Ngojeni, wengine bado tuko jikoni!"

Hata hakugeuka. "Mama Kioko, nimeshahesabu."

Mama Mwende ameshindwa kwa kura tatu. Jikoni tulikuwa watano.

Baba Kioko ananiambia eti nisijali, chai ilikuwa tamu.

Mama Mwende mwenyewe alikuja kutusaidia kuosha vikombe. Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Kwani ni nani aliwatuma mpike?"

Nimefikiria tangu saa hiyo. Sijapata jina.