Divai ya Kumwosha Mama

Pothia, Kalymnos, Ugiriki
6 Machi 1966

Baba mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Darwin, Australia. U hali gani? Sisi hatujambo, ila goti la Bibi Themelina bado linamsumbua.

Miaka mitatu ya Mama kaburini imetimia. Padri amepanga Jumamosi, tarehe 11 Juni. Mifupa yake itatolewa, ioshwe kwa divai, iwekwe kanisani pamoja na ya wazee wake kule kwao, kisiwani Pserimos. Tutakwenda asubuhi kwa mashua ya Kapteni Nomikos na kurudi jioni. Bibi anasema divai humiminwa na mume. Njoo, Baba. Nimerefuka sana, usinipite bandarini ukadhani ni mtu mwingine.

Binti yako,
Sevasti

Darwin
2 Aprili 1966

Mwanangu Sevasti,

Barua yako imenikuta mzima, ingawa joto la huku linatuoka kama mikate. Pole kwa Bibi na goti lake. Mwambie nitakuja. Nani mwingine ammiminie Kalotina divai? Na Nomikos asithubutu kung'oa nanga kabla sijafika, la sivyo nitamnyoa masharubu.

Baba yako,
Sakellaris

Pothia
12 Juni 1966

Baba mpenzi,

Natumaini hujambo. Sisi ni wazima wa mwili.

Jana tulikungoja. Meli ya Piraeus ilishusha watu, mbuzi na magodoro; wewe hukuwamo. Kapteni Nomikos aliwasha injini, akaizima, akaiwasha tena.

"Tunamngoja nani, Kapteni? Mfalme?" abiria mmoja akapayuka.

"Namngoja kinyozi wangu," akajibu, lakini hakucheka.

Mwishoni Bibi akasema, "Twende, Nomikos. Bahari itachafuka, na binti yangu amelala vya kutosha."

Kule Pserimos mifupa ilitoka na rangi ya asali. Wanawake walifurahi: "Roho yake imetulia, maskini!" Padri akauliza nani anamimina. Wote wakatazama baharini. Nikasema, "Nipeni mimi." Nilidhani nitaogopa. Kichwa cha Mama kilikuwa chepesi mno mikononi mwangu. Nilimwambia kwamba meli ndiyo iliyokuchelewesha. Ni kweli, Baba?

Binti yako,
Sevasti

Darwin
20 Julai 1966

Mwanangu,

Natumaini wewe na Bibi ni wazima. Mimi sijambo.

Meli haikunichelewesha. Sikupanda. Nina mke huku, anaitwa Irini, tulioana mwaka jana. Wiki ile ya safari alijifungua mtoto wa kike. Jumapili iliyopita tulimbatiza, naye Irini, kwa kuniheshimu, akachagua jina la marehemu mama yangu, kama desturi yetu ilivyo. Anaitwa Sevasti. Irini hajui kwamba jina hilo tayari lina mwenyewe. Sikupata namna ya kumwambia.

Usinikasirikie.

Baba yako

Pothia
16 Agosti 1966

Baba mpenzi,

Natumaini ninyi nyote watatu hamjambo. Bibi anaendelea vizuri, na mimi pia.

Barua yako nilimsomea Bibi, ila pale penye jina nikaparuka. Alijua. "Rudi ulikoruka," akasema. Nilipomsomea alipaza sauti: "Hapa kwetu jina la mtoto hurudiwa akishazikwa!" Jirani akatoka mbio kuuliza nani amekufa. "Muulizeni Sakellaris!" Bibi akamjibu.

Mimi sitaki jina libadilishwe. Mtoto ameshapakwa mafuta matakatifu, naye hana kosa. Siku zote nilitamani ndugu. Nakuomba kitu kimoja tu. Mkiwa nyumbani, mwiteni kwa jina la utani, lolote litakalompendeza mama yake. Ili siku utakapotamka "Sevasti", hata kwa bahati mbaya, hata ukiwa peke yako, iwe unaniita mimi.

Na Irini akigeuka akuulize huyo ni nani, mwambie.

Mwanao wa kwanza,
Sevasti