Akikuuliza Tena, Usimjibu

Chumba cha nyuma,
Kwa fundi viatu.
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu,

U hali gani huko uliko? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Mimi magoti yananisumbua, ila sokoni yananifikisha. Nimechoka, sikufichi.

Binti yako hajambo kidogo tu. Mikono imechubuka hadi viwikoni kwa kunawa kutwa, akihofia uchafu. Kazi ya ususi ameiacha, maana kichwa cha mtu atakishikaje?

Tulikwenda kwa daktari wa akili. Nilidhani atasema ni wazimu. Akasema ni maradhi kama mengine, yanatibika, ila haya yamekomaa. Vidonge ameviongeza, tusivihukumu kabla ya miezi mitatu. Yapo na mazoezi: ashike kitasa cha mlango, asinawe, akae na hofu yake mpaka ichoke yenyewe. Anataka alazwe wiki sita ayafanye kila siku. Nikauliza kama watampasua kichwa; akasema huko hatujafika.

Kisha akanigeukia, akauliza maji ya kunawa huteka nani. Nikajibu kwa majivuno kuwa ni mimi, ndoo nane kwa siku. Akasema basi ninaulisha ugonjwa. Niliona aibu, baba. Miaka miwili mgongo huu unabeba maji, nikidhani ndiyo mapenzi.

Anayeniandikia barua hii ni binti yako mwenyewe. Karatasi nne kazichana kwa ajili ya madoa. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, ukiichana na hii naitafuna." Kanuna, lakini anaandika.

Sasa zamu yako. Kila jioni anakupigia simu akuulize kama mikono yake ni safi. Unamwambia ni safi, na chai haijapoa anapiga tena. Hiyo nayo ni ndoo, mwanangu.

Vitanda vya hospitali anaviogopa, walivilalia wengine. Jana akaniambia, "Bibi, Ijumaa nitaingia. Lakini baba akiendelea kunijibu, sitaweza."

Basi akikuuliza, usimjibu. Atalia, atakuita mkatili. Lia nawe ukipenda, ila swali hilo lipite. Muulize amekula nini. Haya anayaandika yeye mwenyewe, na hajaweka kalamu chini.

Nisalimie mkeo, na mdogo wako dereva. Mwambie mama yake hajafa, apige simu. Mungu akulinde, na kwa wiki hizi sita akupe moyo mgumu.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata nikikufokea.